Bunduki ya Maji ya Tumbaku

Tangu ujana wake Ngwali alikuwa akinasa paa katika msitu wa Ngezi, kwa wavu aliousuka mwenyewe kwa kamba za makumbi. Kwa hiyo mwaka wa sitini, alipokuja Mzungu kukamata paa hai kwa bunduki ya sindano za usingizi, Ngwali alimtazama kama mtu aliyeingia baharini kuoga na viatu vyake.

"Dawa yenyewe nini?" alimuuliza Bakar, karani aliyekuwa mkalimani.

"Maji ya tumbaku, Mzee Ngwali. Makali."

Ngwali alitema tumbaku aliyokuwa akiitafuna. "Hii humlevya mtu mzima asiyeizoea, seuze kapaa ka ratili kumi! Mwambie."

Bakar hakumwambia. Mzungu alifyatua, paa akakimbia, na walipomfikia kichakani alikuwa kashakuwa kibudu, kafa bila kuchinjwa, hata kuliwa haliwi. Mzungu akampima urefu na kuandika, kana kwamba kuua ndiyo elimu aliyoijia.

Ngwali alitanda wavu wake kwa hasira, akamswaga paa mwengine kutoka upande wa pili. Kabla ya adhuhuri paa huyo alikuwa akirusha mateke wavuni.

"Hai huyo," alisema Ngwali. "Mchukueni."

Mzungu alitabasamu, akafungua sanduku, akaanza kujaza sindano nyengine.

"Ya nini tena?"

"Anasema ili atulie," alijibu Bakar.

Ngwali alichomoa kisu, akaukata wavu wake mwenyewe. Paa akachupa, akapotelea msituni.

"Na hili mfasirie neno kwa neno," alimwambia Bakar. "Ajichome mwenyewe, atulie yeye."