Mtungi wa Feruzi

Mwasiti alipika mawese hapa Rumonge tangu hajaolewa, na kando ya mafiga yake hakukosa chungu kibovu kilichojaa mchanga. Mafuta yakishika moto, aliyamwagia mchanga au akakifunika chungu cha mafuta, kisha akaendelea na shughuli zake. Hakuna aliyemfundisha kwa maneno. Alimwona mama yake akifanya hivyo. Mumewe Feruzi, mvuvi, hakuwahi kumweleza. Nani anakaa kumweleza mumewe mambo ya jikoni?

Kisha nyumba tatu za nyasi zikaungua, na Wadachi, Wajerumani waliotawala enzi hizo, wakatoa amri: kila mlangoni uwekwe mtungi wa maji. Feruzi aliicheka amri hiyo siku moja tu. Baada ya hapo, kila asubuhi akirudi kutoka kuvua usiku, aliujaza mtungi mwenyewe kabla ya kulala, mkewe asihangaike.

Asubuhi moja Mwasiti alikwenda nyuma ya nyumba kuchukua kuni, na mafuta yakawaka. Feruzi aliuona moto unapanda karibu na paa. Akaubeba mtungi, akaumwaga wote chunguni.

Mafuta yaliruka yakamfunika mwili mzima. Mwasiti alifika mbio, akamzima mumewe kwa mkeka, akauzima moto kwa mchanga. Nyumba ilipona.

Feruzi aliishi siku mbili. Siku ya pili aliuliza, “Moto iko imezima?”

“Imezima, Baba Zena. Ni weye umeizima.”

Akatulia, kama mtu aliyemaliza kazi yake.

Msibani kila mmoja alimsifu: mwanamume aliyekimbilia moto na mtungi wake. Mwasiti alisikia. Angesemaje? Sifa hiyo ndiyo kitu pekee alichobakiwa nacho marehemu.

Alikuwa bado edani jirani yake Sharifa alipokuja kumtazama, mtoto mgongoni. Akasema naye sasa ameanza kupika mawese, na mtungi ameuweka pale pale kwenye mafiga, ili moto ukiwaka aumwagie maji kama alivyofanya marehemu.

Mwasiti alimtazama yule mtoto.

“Toa ule mtungi, dada. Weka mchanga. Moto ya mawese haimwagiwi maji. Maji ndiyo iliua Baba Zena.”

Sharifa akauliza kwa sauti ndogo kama marehemu hakujua.

“Hakujua,” Mwasiti alisema. “Miye nilijua.”