Daktari wa Librado

Mume wangu Librado alirudi kwetu Zacatecas baada ya miaka ishirini na minane ya kuchuma matufaha kaskazini, ng'ambo ya mpaka. Alirudi na pikapu, kofia mpya na kidonda kwenye kidole gumba cha mguu. Pikapu alinionyesha siku ileile. Kidonda nilikigundua mwenyewe wiki ya tatu, kwa harufu.

"Twende zahanati," nikamwambia.

"Zahanati yenu ile?" Akacheka. "Mimi nina daktari wangu kule, Obdulia. Ukiona mashine zake tu, kizunguzungu! Atampa Yesenia dawa, anitumie na wanaokuja Desemba."

Yesenia ni binti yetu, kaolewa hukohuko. Na sisi tulikuwa Septemba.

Mimi nina sukari mwaka wa kumi na tano huu. Kila Jumanne wagonjwa wa sukari tunapimwa, kisha nesi Maricruz anatutembeza kuzunguka uwanja wa kanisa mara nne. Ukingoni kuna benchi la waliorudi, wazee wa kofia kubwa, na hapo hakuna anayekubali kuwa mgonjwa. Librado alikaa katikati yao akinipigia kelele: "Kaza mwendo, bibi! Unapitwa na kuku!" Wenzake wakaangua kicheko. Mimi nikamjibu mficha maradhi kifo humuumbua, maana asubuhi ile niliona kidole kimekuwa cheusi.

Jumanne iliyofuata sikuzunguka. Nilikwenda moja kwa moja kwenye benchi, nikapiga magoti, nikamvua kiatu na soksi mbele ya wenzake.

"We mwanamke, una wazimu?"

"Ninao! Na waone!"

Hakuna aliyecheka. Mzee Teódulo, mtani wake mkubwa, akavua kofia, akamshika kwapani, tukamwingiza zahanati.

Maricruz alipoutazama mguu akakunja uso. "Mzee Librado, nipe jina la daktari wako. Nimpigie sasa hivi, anieleze alikuwa anakupa nini."

Librado akanyoosha mkono kutaka soksi yake.

"Ni nani, mzee?"

"Hayupo."

"Amehama?"

"Hakuwahi kuwepo. Nilikuwa nafanya kazi kwa makaratasi ya mtu mwingine. Ningeingiaje hospitali? Nikiumwa nilimeza kidonge chochote alichonipa mwenzangu, asubuhi napanda ngazi kuchuma. Mara ya mwisho kupimwa ilikuwa hapahapa, kabla sijaondoka."

Miaka yote hiyo nilikuwa nalala usingizi mzuri kwa sababu kwenye simu mume wangu alisema ana daktari! Matusi yalinijaa kinywani, nakwambia, ya kumtosha yeye na ukoo wake.

Maricruz akasema kwa sauti ya chini kwamba sukari imeula mguu, si kidole tu, mguu wenyewe utakatwa, na gari la wagonjwa la kwenda mjini linakuja.

Librado hakumwangalia yeye. Aliniangalia mimi. "Usimwambie Yesenia," akasema. "Yeye naye yuko kule bila makaratasi, na ana mimba. Atataka kuja, na akitoka hawatamruhusu kurudi kwa mumewe."

Gari likafika. Nikampandisha, nikakaa ubavuni pake, na sikumwambia Yesenia.