Pua ya Shoga Yangu

Chakula cha Idi husifiwa na wale wanaokikuta kwenye sinia. Mimi nakijua kabla hakijaitwa chakula. Nakijua kikiwa nyama inayochuruzika damu ndani ya mfuko, kikiwa maganda ya vitunguu yaliyogandama nyayoni, kikiwa jasho la wanawake wanaoinamia majiko ya makaa kwenye ua usiopata upepo. Mtu hujikuna kichwa, na mkono ule ule ukaingia kwenye mchele. Mwengine hupenga kamasi kwa ncha ya leso, na kwa leso hiyo hiyo akaepua sufuria. Na mimi nimefunga, tumbo tupu, pua imekuwa kali kama wembe, nayaona yote na kuyanusa yote na kunyamaza. Wageni wakija siku ya pili husema, "Maashallah, mikono yenu haina mfano." Natamani niwaambie mikono hiyo ilikuwa wapi.

Nyumba yetu iko uchochoro wa pili ukitoka Ndia Kuu, hapa Mji wa Kale, na toka nilipoolewa hapa ndipo inapopikwa biriani ya Idi ya jamaa zote. Sikusoma sana. Chuo cha Kurani nilifika juzuu chache, na skuli nikatolewa darasa la tatu. Lakini majina siyasahau. Kila mwanamke aliyewahi kuketi kwenye ua huu akamenya kitunguu namjua kwa jina lake na jina la mamake. Hapa sitaandika hata moja, maana walio hai watasoma, au watasomewa, na walioko kaburini wana watoto wenye midomo.

Mwaka huo tulikuwa wanne. Mimi. Wifi yangu, dadake marehemu mume wangu, ambaye tumbo lake hufunga Ramadhani yote lakini ulimi wake haujafunga hata siku moja. Mkaza mwanangu, mke wa kijana wangu wa mwisho, aliyekuwa na mimba ya miezi mitatu. Na shoga yangu.

Shoga yangu tulikalia mkeka mmoja chuoni, tukipigwa kwa fimbo moja. Hakujaaliwa mtoto, mumewe alitangulia zamani, anakaa peke yake ghorofani nyumba ya nne kutoka kwetu. Yeye ndiye aliyekuwa pua yetu. Wapishi wengine wakiwa na saumu huonja mchuzi kwa ncha ya ulimi kisha wakatema, na wenye elimu wanasema si kitu. Shoga yangu hataki kusikia. Mate yaliyotemwa karibu na chakula humtia kinyaa, na mimi vile vile. Nadhani ndiyo sababu tumepatana miaka yote hii. Yeye huinama, hujifunika leso pamoja na sufuria, huvuta mvuke mara moja, kisha hunena: "Chumvi bado." Au: "Iliki imezidi, ongeza tungule mbili zilizoiva." Na ukimfuata hujuti. Majirani nao walikuwa wakimwita aje awanusie vyungu vyao, na akiitwa hivyo huvaa buibui lake zuri, kama aendaye kwenye posa. Sidhani kuna siku nyengine katika mwaka ambayo watu humgombania.

Kosa lilikuwa langu. Siku ya ishirini na tisa baada ya alasiri nilisema, "Mwezi waandama leo. Tuiungeni nyama sasa, ilale na viungo."

"Ngoja usikie mwezi, shoga," akaniambia. "Usipoonekana je?"

"Utaonekana. Goti langu laniambia."

Wifi akacheka mpaka akajishika kiuno. "Siku hizi mwezi watazamwa kwa goti! Waambieni makadhi wasihangaike kupanda juu!"

Nikaona haya kurudi nyuma. Nikaiunga nyama ya mbuzi mzima kwa maziwa lala, tangawizi, kitunguu thomu na ndimu, na papai bichi la kuilainisha, papai jingi kwa sababu mbuzi mwenyewe alikuwa mzee. Nikatoa rafu zote za friji ili sufuria ienee. Mwezi haukuonekana. Ikatangazwa kwamba kesho ni kufunga. Watu wakiwa kwenye tarawehe stima ikapotea, na haikurudi mpaka siku ya pili, alasiri yakaribia. Na joto la siku zile, Mungu ndiye ajuaye. Papai nalo halijui mwezi wala stima, lilikuwa likitafuna nyama tu.

Siku ya thelathini alasiri tukakusanyika uani tena. Mbatata zimekaangwa, vitunguu vimekauka vizuri. Nikafunua sufuria.

Harufu ilitoka kabla mfuniko haujaondoka sawasawa. Lililoniudhi zaidi ni ule utamu wake. Juu utamu wa tunda lililooza, na chini yake mtaro wa nyuma ya mabucha siku ya jua. Maziwa yalikuwa yamefanya povu, na povu lilikuwa likifumuka polepole, pu, pu, kama uji ulio motoni, na hakuna moto. Nyama imekuwa ya kijivu. Nilipoitia kidole ikaachana nyuzi, na nilipokiinua kidole utelezi ukafuatana nacho kama mlenda. Mate yakanijaa mdomoni, nami na saumu yangu sijui niyateme au niyameze.

Mkaza mwanangu alikimbilia mferejini, akatapika.

"Mimba hiyo," akasema wifi. "Huyo hata sabuni yamtapisha. Na mimi msiniulize, mafua yamenishika toka juzi, sinusi hata marashi. Mwacheni mwenye pua yake aseme."

Shoga yangu akaja. Akajitanda leso, akainama, akajifunika pamoja na sufuria ile. Mimi nikashika ukuta nikingojea aruke nyuma. Nikamsikia akivuta pumzi ndefu. Akatoka, uso umetulia, akajipangusa kipaji.

"Iko sawa," akasema. "Ni hilo papai. Ikipata moto itatulia."

Hapo ndipo nilipomkumbuka panya. Mwezi wa Shaabani nilimzuru kwake, tukawa wageni watatu, na ngazi yote ilikuwa ikinuka mzoga. Kulikuwa na panya amefia nyuma ya kabati lake la vyombo, siku nyingi, ameshaanza kuyayuka. Yeye amekaa mbele ya kabati anatumiminia kahawa na kucheka. Wale wawili wakatazamana, nami nikafikiri ni uungwana, kwamba ameona haya kuutaja uvundo mbele ya wageni. Tulipotoka nilimwita mtu akamtoa panya kimya kimya, shoga yangu akiwa amekwenda kuswali. Sasa nikafahamu kwamba haukuwa uungwana. Hakuwa akinusa kitu.

Nilisimama pale na sufuria ya uozo mbele yangu, na watu arobaini wa kuja kula, watoto wachanga ndani yao. Ilikuwa haiwezekani kupikwa. Lakini nikisema "yanuka," wifi atauliza, "Mbona mwenye pua hakusikia?" na kabla ya swala ya Idi kila dirisha la Mji wa Kale litakuwa na habari. Nani tena atamwita? Angevaa lini lile buibui?

"Haya, tia motoni basi," akasema wifi. "Mwangoja n'ni?"

"Niachieni," nikasema, "naipeleka mwenyewe."

Nikaishika sufuria masikio yake mawili, nikaiinua mpaka magotini, nikaiachilia.

Mungu anisamehe, ilikuwa neema kabla sijaiharibu. Ilimwagika ua mzima. Ikaingia kwenye viatu, ikapanda kwenye pindo za leso, maziwa yenye mabonge yakanipita katikati ya vidole vya miguu, ya vuguvugu, kama mtu aliyeninyonya nyayo.

"Yallah!" akapiga kelele wifi. "Ajuza mzima wabeba sufuria kama kuli wa bandarini!"

"Mikono imeteleza."

"Imeteleza! Biriani ya watu imeteleza!"

Nikadhani nimemaliza. Nilikuwa nimewasahau paka. Paka wa mtaa huu wanaweza kukutoa samaki mdomoni, na walikuwa watatu juu ya ukuta toka tulipoanza kukaanga. Wakashuka mbio. Yule wa manjano mwenye sikio lililochanika akafika wa kwanza, akanyoosha shingo juu ya pande la nyama, akanusa. Akarudi nyuma. Akautikisa mguu mmoja, kisha akaanza kuikwarua sakafu kwa kucha, kama wafanyavyo wakifukia uchafu wao wenyewe. Wenzake hawakufika hata karibu. Wakaondoka wote watatu.

Mkaza mwanangu akatazama chini. Wifi alitazama walikopita paka, akamtazama shoga yangu, akafungua mdomo.

"Paka hawa wameshiba," akasema. "Mwezi mzima wamekula sambusa za watu. Nenda, mwanangu, kampigie mumeo simu apite Liwatoni kwa wavuvi atuletee nguru, la sivyo kesho tutakula mbatata." Akaingia ndani, na binti wa watu nyuma yake. Mpaka leo sijui kama wifi alijua. Sijamuuliza, na yeye, ambaye husema kila kitu, hajasema.

Tukabaki wawili. Shoga yangu akapiga magoti kando yangu, akaanza kuyazoa mabonge kwa mikono na kuyatia ndooni.

"Yanuka?" akaniuliza, hanitazami.

"Yanuka."

"Sana?"

"Kama panya wako."

"Panya gani?"

Basi ikabidi nimwambie. Akakaa kitako kwenye maziwa yale.

"Na nyinyi mkanywa kahawa?"

"Tulikunywa."

"Ya Rabbi." Akajifunika uso kwa kiwiko, kisha mabega yakaanza kumtikisika, na mimi sikujua kama yuwacheka au yuwalia. "Ni toka ile homa ya mwaka juzi. Hata udi, shoga. Nafukiza kila Ijumaa, nautazama moshi tu."

"Na chumvi wajuaje?"

"Nabahatisha. Chumvi huwa bado siku zote."

Tulisugua ua kwa majivu, kwa sabuni, kwa maji ya bahari. Mikono tukaiosha kwa ndimu, kwa siki, kwa majani ya mkilifi, ndiyo muarobaini. Uvundo ulikuwa umeingia kwenye kucha na kwenye mikunjo ya ngozi, nao ukakaa. Hata hina haikuuficha.

Siku ya Idi tukala wali wa nazi na nguru wa kupaka. Asubuhi hakukuwa na saumu tena, basi wifi alimnyooshea shoga yangu upawa wa mchuzi mbele ya watu wote na kusema, "Leo onja kwa ulimi, Idi imefika." Akaonja. "Chumvi bado," akasema. Na kweli ilikuwa bado.

Tulipoketi, sinia yetu ilikuwa ya watu sita. Nikawaona mmoja mmoja wakijisogeza kando, huyu amekumbuka mtoto, huyu amekumbuka maji, mpaka tukabaki mimi na yeye na nguru mzima. Nilimega tonge nikalipeleka mdomoni, mkono ukapita chini ya pua, na uvundo wa jana ukanipiga; nikalirudisha tonge siniani. Nikaagiza kijiko. Nilikuwa sijapata kula wali kwa kijiko maisha yangu.

"Umekuwa mzungu?" akanicheka.

Yeye alikula kwa mkono ule ule uliozoa mabonge, akachambua miiba, akaniwekea mapande mazuri upande wangu. Alipomaliza akaramba vidole, kimoja kimoja, mpaka kwenye kucha. Mimi nikakishika kijiko changu, nikayala mapande yote aliyoniwekea, macho nimeyaelekeza ukutani.