Malaria Ilivyofutwa Karatu

Juzi nilikuwa kwenye kibanda cha intaneti hapa Karatu, na kompyuta niliyoisubiri ilikuwa imekaliwa na daktari mmoja mama. Wodini alikuwa na mgonjwa, mfugaji wa Ngorongoro, ambaye homa yake ilikuwa imezigomea dawa zote za malaria. Kaka wa mgonjwa alikuwa pale kibandani, amekaa kando ya daktari, amejifunga shuka.

Programu aliyoifungua daktari ilisoma makala za kitabibu kuhusu homa, kisha ikachora maneno yake kwa viduara. Neno linalotajwa sana, duara lake kubwa. Malaria ilijaa kioo kizima.

Nyuma yetu bwana mmoja, mratibu wa malaria, aliweka tai yake sawa. "Umeona, daktari? Nichapishie hiyo niibandike ofisini."

"Subiri kidogo, mheshimiwa." Akabofya, malaria ikatoweka.

"Umeifuta? Kwa kibali cha nani?"

Viduara vilivyokuwa vimefunikwa vilijitokeza: mifugo, maumivu ya viungo, maziwa mabichi. Daktari akamgeukia yule kaka.

"Maziwa nyumbani mnachemsha?"

"Yeyo," alimwita mama kwa Kimaasai, "ukiyachemsha yanabaki na ladha gani?"

Daktari akacheka, akafungua makala chache zilizobaki, akaondoka kwenda kuagiza kipimo cha brusela, homa inayotokana na maziwa mabichi. Nasikia mgonjwa amebadilishiwa dawa na sasa anadai chakula.

Mratibu aliendelea kukitazama kioo. "Hebu irudishe," aliniambia kwa upole. "Nina semina Jumatatu."

Nimehudhuria semina nyingi za kutokomeza malaria. Siku nilipoiona ikitokomezwa, mratibu wake ndiye aliyelalamika.