Kidole na Timu ya Uzi

Kila Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili kamili asubuhi, mlinzi wa kiwanda cha nguo, Mzee Funguo, alivuta geti na kulipiga komeo, na mpaka saa kumi jioni hakutoka mtu. Ndani hakukuwa na kazi. Pamba ilikwisha, mashine zililala mwaka wa pili sasa, lakini tajiri alitangaza kwamba atakayekosa hata siku moja atahesabiwa amejiachisha mwenyewe, na miaka yake yote ya utumishi itakwenda na maji. Basi wafumaji walikuja, wakaandikwa, wakafungiwa. Vioo vya madirisha vilikuwa vimepakwa rangi tangu zamani, wasije wakachungulia nje wakazembea.

Kidole alikuwa mmoja wao. Hilo si jina alilopewa na mama yake, wala silo lililokuja kuandikwa kwenye kaburi lake Kidole miaka mingi baadaye, Mungu amlaze pema. Alilipata siku mashine ilipomnyang'anya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, naye akalikubali, akisema afadhali waite kilichoondoka kuliko kukisahau. Miaka kumi na tisa alisimama mbele ya mashine ileile. Jioni alirudi kwenye chumba kimoja alimomuuguza mama yake, asiyeweza kuinuka kitandani, na huko nako akakaa ndani. Alitoka ndani akaingia ndani. Sala yake ilikuwa fupi, mama yake aliisikia kila asubuhi: "Mungu wangu, mlango tu. Hata likiwa dirisha, nitapita."

Kivuko cha mtoni kiliposimama kwa kukosa dizeli, halmashauri ilitangaza mashindano ya makasia kwa wanawake wa sehemu za kazi. Yangekuwa mara tatu mwaka ule, kila mara siku ya Jumamosi, na timu itakayoshinda mara ya mwisho ingepewa mashua mpya ya makasia sita pamoja na kibali cha kuvusha abiria. Kidole alilisoma tangazo lile getini mara mbili, kisha akaingia kufungiwa.

Mama Pacha, jirani yake wa mashine, aliposikia habari hiyo alicheka mpaka akashika ubavu.

"Kidole kimoja hakivunji chawa, dada."

"Ndiyo maana natafuta sita wengine," Kidole akamjibu. "Wewe wa kwanza."

Walijizoeza palepale sakafuni. Waliketi juu ya makreti ya nyuzi, mmoja nyuma ya mwingine, miguu wakaikaza kwenye vyuma, mikononi wakashika mipini ya mafagio. Kidole hakuweza kukamata kasia vizuri, kwa hiyo alikaa nyuma kama mshika usukani, akiwatazama nyuso zao sita. Jumamosi waliazima mashua ya kubebea mchanga, nzito kama dhambi, wakayajua maji kidogo.

Mashindano ya kwanza yaliwatia aibu. Katikati ya mto kasia la Mama Pacha lilichomoka kwenye kishikio chake, na kwa mazoea akapaza sauti: "Uzi!" Kiwandani, safu nzima ya mashine ilizungushwa na mkanda mmoja. Uzi ukikatika kwa mmoja, anaita, na wote wanainua mikono papo hapo. Basi wanawake sita waliinua mikono juu katikati ya mto, na mashua ikakaa kama bata. Ukingoni watu walivunjika mbavu. Wanawake wa ofisi za bandari, waliokuwa na kocha na sare za buluu, waliwauliza kama wamekuja kupiga kasia au kusalimu amri. Tangu siku hiyo wakaitwa Timu ya Uzi.

Jumatatu, geti likiisha kufungwa, wenzake walitaka waapishane kwamba neno lile halitatajwa tena. Kidole aliutazama mkono wake.

"Halitoki hilo," alisema. "Limeshaingia kwenye mifupa. Sisi kusimama tunajua. Tujifunze kuondoka."

Miezi ikapita. Kila siku, nyuma ya vioo vile vilivyopakwa rangi, mmoja aliita uzi bila kuwaonya wengine, wote wakainua mikono, Kidole akahesabu mbili, akaita "Mkanda!", kama mashine zinapowashwa tena, na mafagio sita yakashuka pamoja. Mzee Funguo alichungulia mlangoni, akauliza kama njaa imeshapanda kichwani. Mashindano ya pili wakawa wa tatu, na hakuna aliyecheka sana.

Ya mwisho yalipitia chini ya daraja, mahali maji yanapozunguka kwenye nguzo. Bandari walitangulia urefu wa mashua moja. Mzunguko ule ukawakamata wao kwanza: kasia moja likagongana na jingine, lakini hakuna aliyeacha kuvuta, kila mmoja akihangaika kivyake, na mashua yao ikageuka ubavu ikaegemea nguzo. Mara ukawafika na Timu ya Uzi. Kasia la Mama Pacha likachomoka.

"Uzi!"

Mikono yote ikapanda, makasia yakatoka majini. Mashua ikateleza yenyewe kimyakimya kando ya wale wa buluu, Mama Pacha akarudisha kasia mahali pake. Moja. Mbili.

"Mkanda!"

Hawakufikiwa tena; mashua na kibali vikawa vyao. Mama Pacha alilia waziwazi, akasema ni jasho.

Lakini kibali kilianza Jumatatu, na Jumatatu geti lilikuwa palepale. Jumapili nzima Kidole aliketi kando ya kitanda cha mama yake akiwaza ile miaka kumi na tisa. Mama yake alimwambia neno moja tu: "Mlango uliuomba wewe, mwanangu, si mimi."

Asubuhi miguu ilimpeleka kiwandani yenyewe, kama punda ajuaye njia. Wafumaji wasiokuwa wa timu walikwisha kuingia. Mzee Funguo alishika komeo, akamngoja.

"Kidole, unaingia au nafunga?"

Alilitazama kreti lake kule ndani, na giza la vioo.

"Funga tu, baba."

Geti likavutwa. Kwa mara ya kwanza alilisikia komeo likilia akiwa upande wa nje, na bado moyo ulimruka kama kila siku. Alisimama mpaka ukatulia. Kisha akashika njia ya mtoni, ambako Mama Pacha alikuwa ameshaanza kumwita.