Kikohozi Nilichokificha Nikimsomea Baharia

Nawaandikia ninyi wenzangu wa Merrylands na Auburn, hapa Sydney, hasa mliopita kambini kama mimi. Ninaitwa Riziki. Leo ninapumua bila maumivu, na kwa hilo namshukuru Mungu kabla sijasema lolote.

Mimi ni kifungua mimba. Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la sita, katika kambi ya wakimbizi ya Kigoma, na tangu hapo sikurudi shule. Nilibaki na wadogo watatu. Wananiita Yaya, kama sisi Wakongo tunavyomwita dada mkubwa. Niliwapikia, niliwafulia, niliwapangia foleni ya unga.

Kambini nilijifunza jambo moja baya. Jirani zetu walikuwa wameshapata safari ya Australia. Kwenye vipimo vya mwisho baba yao akakutwa na kifua kikuu, na faili la familia nzima likasimama. Niliwaona watoto wakitoa nguo kwenye mabegi na kuzirudisha kwenye magunia. Jioni ile niliwaambia wadogo zangu: "Katika nyumba hii hakuna kukohoa." Tukajua kumeza kikohozi kama watu wanavyomeza mate.

Baadaye nasi tulipata safari, na hapa Sydney nilipata kazi katika nyumba ya wazee. Nilipangiwa Mzee Walter, aliyekuwa na miaka tisini na tisa na macho yasiyoona vizuri. Ujanani alikuwa baharia wa manowari, akipakia risasi kwenye mzinga wa kutungulia ndege huko Nyugini na Ufilipino, wakati wa vita na Japani. Kila siku ya vita aliandika ukurasa mmoja. Binti yake alitengeneza nakala kwa herufi kubwa, na sharti la mzee lilikuwa moja: kila asubuhi baada ya chai asomewe ukurasa wa tarehe ya siku hiyo. Kazi hiyo ikawa yangu.

Ndivyo mimi niliyeishia darasa la sita nilivyokaa asubuhi baada ya asubuhi katikati ya vita vya watu wengine. "Alfajiri ndege saba kutoka kaskazini, juu ya mawingu. Mbili zimeanguka majini. Meli iliyo nyuma yetu inaungua. Mchana tumejaza mafuta. Jioni tumezika wanne baharini." Kesho yake tena ndege, tena moto, tena mazishi. Hakukuwa na siku ya kupumzika. Mzee alisikiliza akiwa amefumba macho. Siku za mwanzo nilivaa barakoa, naye akagomba, akiniita meiti, yaani rafiki, kama wasemavyo Waaustralia: "Toa kitambaa hicho, meiti. Kinakula maneno." Nikakitoa.

Kikohozi kilianza majira ya baridi. Kwanza kikavu, kisha kikaleta makohozi ya njano. Nilikonda hadi sketi ikashikwa kwa pini. Nililoa jasho kitandani kama mtu aliyemwagiwa ndoo. Ubavu wa kulia ulichoma kila nilipovuta pumzi. Mdogo wangu Furaha, anayenifuata, aliniambia, "Yaya, twende kwa daktari."

"Ni baridi tu."

"Baridi ya miezi minne? Jiangalie, umebaki meno."

Nilimfokea. Nilikuwa na uraia tayari, pasipoti iko kabatini, hakuna faili la kusimamishwa na mtu. Lakini mwili wangu bado ulikohoa kama mtu wa kambini, mdomo umefungwa.

Kazini, wa kwanza kunigundua alikuwa yule asiyeona. "Unakata sentensi mahali pasipofaa," alisema Mzee Walter asubuhi moja. "Zamani ulimaliza mstari kwa pumzi moja. Nenda ukaonane na daktari."

"Tumalize kwanza ndege za leo, Mzee."

Akacheka. Hatukuzimaliza. Ukurasa ulikuwa wa siku ambayo ndege iliigonga sitaha ya meli yao. Nilifika mstari wa tatu, kikohozi kikanishinda nguvu, na damu ikaruka juu ya karatasi. Ilikuwa nyekundu sana, na povu. Nilijaribu kuifuta kwa mkono wa shati. Sakafu ikanijia usoni.

Hospitali waliniweka peke yangu chumbani. Kila aliyeingia alivaa barakoa nzito. Daktari alinionyesha picha ya mapafu: upande wa kulia, juu, palikuwa na tundu ambalo yai lingeenea. "Ni kifua kikuu," alisema. "Huenda ulikuja nacho kimelala, miaka yote hii. Kinatibika. Ungechelewa zaidi, tusingekuwa tunazungumza."

Kisha akaja nesi mwenye daftari. Aliniuliza nimekaa na nani karibu, ndani, kwa muda mrefu. Nikataja wadogo zangu watatu.

"Na kazini?"

"Kazini navaa barakoa. Sikai na mtu."

Nilimdanganya nikimtazama usoni. Nilihofia kazi, ndiyo. Lakini zaidi nilihofia kuambiwa kwamba ni sisi, wanawake Wakongo na Warundi tunaowaogesha wazee wao, tuliowaletea ugonjwa. Wenzangu wengi wanakula kwa kazi ile.

Siku ya tatu Mama Espe, Mrundi tunayefanya naye kazi, alinipigia simu kunipa pole. "Mzee wako amegoma kusomewa," alisema. "Eti mimi nasoma kama mtu anayekimbilia treni."

"Anakohoa?"

"Ee, mzee wa miaka hiyo ataacha kukohoa?"

Nilikata simu, nikabonyeza kengele. Nesi alipokuja nikamwambia yote. Hakunikemea. Alifungua daftari.

"Dirisha huwa wazi?"

"Limefungwa. Anaogopa baridi."

"Kwa siku, muda gani?"

"Nusu saa. Miezi minne."

Aliandika. Nilisikia kalamu yake.

Matibabu yalichukua miezi sita. Vidonge viligeuza mkojo wangu rangi ya chungwa. Nilitapika, magoti yakauma kama ya bibi kizee. Furaha alisimama mbele yangu kila asubuhi mpaka nimeze. Yeye na Amani na Neema walipimwa, wakawa salama.

Mzee Walter damu yake ilionyesha kijidudu kilicholala. Daktari alisema huenda ni mimi, huenda ni meli, ambako vijana mamia walilala wakipumuliana usoni, miaka themanini iliyopita. Hakuna kipimo cha kutofautisha. Na kwa umri wake hawakuthubutu kumpa dawa.

Niliporuhusiwa kurudi kazini nilikaa mbele yake. "Mzee, huenda nimekuambukiza."

"Meiti," akasema, "Wajapani walinirushia ndege nzima, ikanikosa. Wewe umenirushia kikohozi. Haya, soma."

Nikasoma. Siku hiyo ndege zilikuwa tatu.

Alifariki wiki tano baadaye. Binti yake alisema ni moyo. Nataka kumwamini.

Nawashukuru madaktari, Mama Espe, na wadogo zangu walioninywesha uji kwa kijiko, mimi niliyewalea. Na wewe unayekohoa wiki ya tatu sasa, ukifungulia maji ya bafuni ili watu wasikusikie, nakuomba uende leo. Dawa ni bure. Hakuna atakayerudisha nguo zako kwenye gunia.

Na ukiulizwa umekaa na nani, taja wote. Mapafu yangu yamepona na tundu limeziba. Zimebaki siku tatu, zile ambazo nililala nikijua jina moja na sikulisema, huku mzee akivuta pumzi kwenye chumba kilichofungwa dirisha. Hizo ndizo ninazoziombea msamaha mpaka sasa.