Mtama wa Bibi Chini ya Twiga

Harufu ya mtama unaokauka juani imenikuta uani asubuhi hii, na mara nikawa tena kwenye mwamba wetu, ule wenye twiga mwekundu waliyemchora watu wa kale.

Nilikuwa mtoto, na askari walikuwa wamekichukua kilima chenye mwamba huo kwa mazoezi. Mpishi wao akataka kukoka moto pale chini ya twiga, maana upepo haufiki. Masizi yangemfunika twiga kabisa. Mimi nililia. Bibi yangu hakulia. Alibeba ungo, akaenda akaanika mtama pale pale, sakafu nzima ya mwamba.

"Shikamoo bibi," mpishi alisema. "Hapa sasa ni kambi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Pita tu, kama mama yako alikufundisha kukanyaga chakula."

Mpishi akatazama buti zake, akatazama mtama, akacheka. "Bibi, umetuteka!" Akahamishia masufuria kwenye mgunga.

Bibi aliuanika mtama uleule kila siku, hata ulipokauka kama changarawe. Askari walipoondoka aliuzoa, akanipa konzi moja ya mtama mkononi.

"Mpe twiga wako. Ameshinda na njaa siku zote hizi."

Nilimmwagia miguuni. Leo nina konzi nyingine mfukoni, na ninapanda kilima.